Servo za gramu 9 zenye stika ya SG90, nazijuaje feki kabla sijazirusha?

BawaLaFoamu
Wakuu habari zenu. Nimechukua pakiti ya zile servo ndogo za gramu 9 (vimota vya kusogeza mabapa ya ndege ya rimoti), stika inasema SG90, na humohumo kuna nyingine zimeandikwa MG90S yaani zile za gia za chuma. Nataka kuzifunga kwenye ndege ya foamu ya kujifunzia, eleroni mbili (mabapa ya kwenye mabawa), eleveta (bapa la mkiani la kupanda na kushuka) na usukani wa mkia. Sasa nimezichomeka kwenye risiva (kile kinachopokea amri za rimoti) hapa mezani, moja inatetemeka tu hata stiki sijaigusa, nyingine nikiipeleka kushoto nikaachia inasimama hapa, nikiipeleka kulia nikaachia inasimama pengine kabisa. Zilizobaki zinaonekana fresh. Hizi ni feki au ndo tabia ya servo za bei chee? Na hizo zinazoonekana fresh naziamini vipi, maana eleveta ikigoma hewani hapo hakuna tena cha kujadili.

PalsiMojaNaNusu
Mkuu stika usiihesabu kabisa. SG90 asili yake ni TowerPro ila imekopiwa mno hadi jina limebaki kama la saizi tu, na kuna nakala zinapiga kazi vizuri na kuna nakala takataka tupu, na zote mbili unaweza kuzikuta kwenye pakiti moja. Habari ya feki na orijino iache pembeni, we angalia hiyo servo moja uliyoshika mkononi inarudi katikati au hairudi.

Pima hivi. Tafuta mrija mwembamba au waya mwepesi ulionyooka, ugundishe kwenye mkono wa servo utokeze sentimita 10 kutoka kwenye skrubu ya katikati, chini weka karatasi, servo ibane isicheze. Trim zote (vile vitufe vya kurekebisha katikati kwenye rimoti) ziwe sifuri. Peleka stiki kushoto hadi mwisho, irudishe katikati taratibu usiiachie ikaruka, weka alama ya penseli pale ncha iliposimama. Halafu rudia kutokea kulia. Kwa urefu huo digrii 1 ni kama milimita 1.7, kwa hiyo alama zikiachana milimita 2 au 3 hiyo ndo hali ya servo za daraja hili, zikiachana milimita 8 hapo una karibu digrii 5 za kubahatisha na hiyo ndege utaitrim mpaka uchoke, kila ukiigusa stiki inahama tena. Ukimaliza iache izunguke huku na huku dakika kadhaa ipate moto halafu pima upya, kuna zinazokaa vizuri zikiwa baridi tu.

MkiaWaV
Nyongeza kwenye hiyo inayotetemeka: kabla hujaitupa angalia umeme. Unalisha risiva na nini? Kama ni BEC (sakiti inayopunguza volti za betri kwa ajili ya risiva) ya ndani ya spidi kontrola ndogo ya mota, ile ya aina ya linia, na betri ni seli 3, basi ikiwa imejaa ni volti 12.6 na risiva inataka 5, zile volti 7.6 za katikati zote zinageuka joto. Servo zikivuta ampea 1 kwa pamoja hapo ni wati 7.6 kwenye kidude cha ukubwa wa kucha, ikichemka inajizima na servo zote zinachanganyikiwa, halafu mtu anasema kauziwa feki. Chomeka hiyo servo peke yake kwenye risiva inayolishwa na pakiti ya betri ya volti 4.8 uone. Ikiendelea kutetemeka peke yake na umeme mzuri basi ni potenshometa ya ndani, ile inayoiambia sakiti mkono uko wapi. Zile za ovyo njia yake ya kaboni ina mikwaruzo au uchafu toka siku ya kwanza, hakuna dawa.

GiaTatu
Hizo MG90S weka kwenye mizani ya jikoni yenye usahihi. Inatakiwa iwe gramu 13 na kitu, ikisoma 9 au 10 na imeandikwa gia za chuma jiulize chuma kiko wapi. Fungua skrubu 4 ndefu za chini, nyanyua kofia ya juu taratibu gia zisimwagike. Nishakuta gia ya juu ya shaba inang'aa vizuri mtu ukiangalia kwa nje, ya katikati plastiki, na ndo hiyo inayonyofoka meno ndege ikitua vibaya. Angalia pia shafti ya juu kama ina beringi au inazunguka kwenye plastiki tupu. Ishike mkono uitikise, ikicheza pembeni basi ndege ikishika spidi eleroni itapepea.

RubaniMzee
Mi naona mnahangaika bure jamani, mwambieni anunue servo za jina kubwa alale usingizi.

PalsiMojaNaNusu
Mzee sawa, lakini majina makubwa ndo yanayokopiwa zaidi, stika inachapishwa popote. Hata hiyo ya jina kubwa ningeipima. Ndege ya foamu ya gramu 700 haihitaji servo ya ndege ya petroli.

RubaniMzee
Kwenye eleveta mi silegezi kamba. Eleroni ikifa moja unaweza kushusha kwa ile nyingine na usukani, eleveta ikifa ikiwa imeelekea chini umekwisha.

BawaLaFoamu
Asanteni sana wakuu. Nimepima zote. Ile ya kutetemeka inatetemeka hata peke yake kwenye pakiti, nimeiweka kando. Ile isiyorudi alama zimeachana zaidi ya sentimita, nayo nje. Za SG90 zilizobaki ziko milimita 2 hadi 4. MG90S moja ina gramu 10 na nusu na gia ya plastiki katikati kama alivyosema GiaTatu. Na kuna kituko kingine, moja ukiipeleka kushoto haisimami, inazunguka tu kama feni 😂

GiaTatu
Hiyo ni ya mzunguko kamili, ile ya magurudumu ya roboti. Nje inafanana na SG90 kila kitu hadi stika, wanazichanganya. Itenge kabisa iandike kwa maka, ukiifunga kwenye ndege kwa haraka itang'oa kila kitu.

MkiaWaV
Kabla hujagundisha pima na nguvu pia. SG90 inasemwa ni kilo 1.8 kwenye mkono wa sentimita 1 kwa volti 4.8, maana yake kwenye tundu la sentimita 2 ingetakiwa iishie gramu 900. Ning'iniza nusu yake, gramu 450, uinyanyue. Ikishindwa hapo basi haifai hata usukani. Ila usiiache imekwama inanguruma, sekunde 1 au 2 toa, mota ndogo hizi zinaungua upesi.

RubaniMzee
Na ile yenye alama zilizokaribiana kuliko zote iende eleveta.