Nimeletewa samansi kwa PF3 niliyojaza 2022, nitajibu nini?

DoktaMgeni:
Wakuu, habari za jioni. Jumatatu askari kaja hadi OPD (wagonjwa wa nje) na samansi. Natakiwa mahakama ya wilaya wiki ijayo, shahidi wa PF3 (ile fomu ya polisi anayojaza daktari kwa majeruhi) niliyojaza mwaka wangu wa kwanza kazini. Mtu kakatwa panga mkono wa kushoto. Sura yake siikumbuki hata kidogo. Halafu jana usiku ndugu yake kanipigia, ananiomba "nikumbuke vizuri" kwamba vidole vilishindwa kukunja, eti hawatanisahau. Chuoni tulifundishwa kuogopa kesi za uzembe, hili hakuna aliyelitaja. Naweza kuingia matatani?

Chapa_Nusu:
Wewe kumbuka tu mkuu, maisha magumu 😂

MgangaMstaafu:
Usimsikilize huyo. Nimefanya kazi miaka 31, hospitali tatu za wilaya. Mgonjwa kunilalamikia, mara moja. Kuitwa mahakamani kwa PF3, niliacha kuhesabu.

Anza na hiyo simu. "Hatutakusahau" ni rushwa iliyovaa kanga. Leo hii mwambie mganga mfawidhi na mwendesha mashtaka, na namba uwape. Ukinyamaza, siku TAKUKURU wakifika utakuwa na maelezo marefu. Na kudanganya ukiwa umeapa ni kosa la jinai lenyewe, hata kama hukupokea senti.

Sura ya mtu usihangaike nayo. Mshtakiwa ana haki kisheria kutaka aliyejaza fomu aje aulizwe maswali, ndiyo maana umeitwa. Nimeona kesi zikifika rufaa PF3 inatupwa nje kwa sababu tu hakimu hakumweleza mshtakiwa haki hiyo. Kwa hiyo nenda masjala, toa faili, toa na kitabu cha chumba cha kushonea vidonda. Soma ulichoandika wewe, siku ile.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Mwaka 1998 nilimpima mama mmoja, nikaandika kwenye fomu "amebakwa". Wakili wa utetezi akavua miwani taratibu, akaniuliza, "Daktari, ulikuwepo?" Nilichokiona mimi ni michubuko miwili ya paja la kulia. Hilo neno jingine lilikuwa la hakimu, nikamnyang'anya, na mama wa watu ndiye aliyeumia.

Wewe watakubana pale palipoandikwa aina ya madhara. Ukiwa uliandika makubwa, uwe na sababu: mshipa uliokatika, kidole kilichoacha kufanya kazi. Na kama vidole hukuvipima, sema "sikuvipima". Sijawahi kuona daktari akifungwa kwa neno hilo.

WakiliMchovu:
Mzee kasema. Naongeza moja: hakikisha faili na PF3 ni vya mtu mmoja. Mnaikumbuka MOI (taasisi ya mifupa Muhimbili) 2007, wagonjwa Emmanuel wawili? Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Majina yanafanana, tarehe zinafanana, na mahakamani wakili atakwenda hapo hapo.

Hizo kesi za uzembe ulizofundishwa zipo, ila mgonjwa wa hospitali ya serikali lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, na madai ya namna hiyo yana ukomo wa miaka 3. Fomu ya uongo ni habari nyingine. Baraza la Madaktari Tanganyika linaweza kukufuta kwenye rejista, na jinai inakusubiri pembeni.

DoktaMgeni:
Shikamoo mzee, asante wakili. Faili nimelipata, panya wamekula kona moja tu. Mwandiko wangu: "anakunja vidole vyote, ganzi kidole cha mwisho." Nyuzi 9. Kumbe nilivipima! Namba ya yule jamaa anayo mwendesha mashtaka, mfawidhi naye anajua. Swali la mwisho: niende na koti jeupe?

MgangaMstaafu:
Marahaba. Shati safi na tai inatosha, koti liache wodini. Beba na chakula, utaitwa saa tatu utasimama saa nane. Nauli ya shahidi ipo kisheria, we iombe tu, ila usiipigie hesabu.