Naomba ushauri: mada za nje zinameza kundi letu la Linux

Wakuu, salaam. Nasimamia kundi la Telegram la watumiaji wa Linux, ule mfumo endeshi wa kompyuta. Mtu anauliza kwa nini seva yake haiwaki baada ya kusasisha kernel (kiini cha mfumo), na kabla hajajibiwa swali limeshazikwa chini ya mabishano ya mpira, vichekesho na matangazo ya simu za mtumba. Matangazo nafuta bila huruma, hayo hayanisumbui kichwa.

Kazi iko kwa wakongwe. Wanaoongoza kwa soga ndio haohao wanaojibu maswali magumu ambayo wengine tunayakimbia. Nikiwabana wataondoka, na kundi litabaki la wauliza maswali watupu. Halafu, tuseme ukweli, soga ndizo zinazowafanya wafungue kundi kila siku.

Nimefikiria kuwasha mada (Topics) za Telegram, zinazogawa kundi kwa vyumba, soga zipate chumba chake. Hofu yangu ni watu kuendelea kuandika kulekule walikozoea. Ile hali ya kuchelewesha ujumbe (slow mode), inayomlazimu mtu asubiri kabla ya kutuma tena, sioni kama itafaa, maana itambana hata anayetuma logi (kumbukumbu za mfumo) vipande vipande akiomba msaada. Stack Overflow, ile tovuti ya maswali ya waandika programu, wao hufunga swali lisilohusu, lakini pale ni maswali na majibu, siyo baraza.

Waliowahi kutenga chumba cha soga, watu walihamia kweli? Na mkongwe akikaidi, mnamwambia mbele ya wote au mnamfuata inbox?