Pikipiki ya zamani imegoma kuwaka: tupeane uzoefu, mwisho ilikuwa nini?

kiki_ya_pili (Kilosa):
Wakuu, heshima kwenu. Nina Honda CG125 niliyorithi kwa mzee, zile za pushirodi (fimbo zinazosukuma valvu), bado inapiga mzigo. Nimefungua uzi huu kwa sababu pikipiki ikigoma kuwaka, kijiweni jibu ni moja: "Badilisha CDI," kile kisanduku cha umeme kinachopanga cheche. Umebadilisha, haijawaka? "Basi koili hiyo," ile inayoipa plagi umeme mkali. Mwisho wa siku umenunua spea za kutosha pikipiki nyingine na uliyokuja nayo bado imelala.

Naomba mtu asituletee orodha ya vifaa. Sema ni pikipiki gani, inagoma WAKATI GANI, na tatizo likakutwa wapi. Asubuhi ya baridi, ikishachemka, baada ya mvua, baada ya kukaa muda: kila moja ina ugonjwa wake.

Yangu asubuhi ilikuwa inawaka vizuri tu. Ikishachemka, ukizima kidogo kununua vocha, umekwisha. Cheche ipo, ya bluu. Mafuta yapo. Fundi mmoja mtu mzima akakandamiza kiki kwa mkono, ikashuka bila ubishi wowote. Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, hakuna. Valvu ya ekzosi ilikuwa imebanwa mno, haina mwanya, chuma kikipata moto kinatanuka na valvu haifungi sawasawa. Akaiacha ipoe kabisa, akaleta alama ya T ya sumaku (gurudumu la injini) mahali pake pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni, akarekebisha mwanya wa valvu zote mbili kwa fila, kile kibamba cha kupimia, 0.08 mm. Hakuna spea iliyonunuliwa.

bwanashamba_mstaafu:
Umesema vyema, kijana wangu. Mimi serikali ilinikabidhi Yamaha AG100, tustroki (injini inayochoma oili pamoja na petroli), nikazunguka nayo vijiji kwa vijiji. Bwana shamba haendeshi, anatambaa: shamba hili, shamba lile, gia ya pili mchana kutwa. Tustroki haipendi hivyo. Oili haiungui ikaisha, inaganda kwenye plagi, na kesho yake asubuhi unapiga kiki mpaka shati linaloa.

Kwa hiyo chini ya siti nilikuwa na plagi ya pili, spana yake na mswaki wa waya. Ukitoa plagi ikiwa imelowa, usikimbilie kuifuta. Isugue kwanza kwa vidole na uinuse. Ikiteleza na ni nyeusi, ni oili. Ikinuka kali na kukauka upesi mkononi, ni petroli, umeizamisha kwa choki. Hapo funga koki, rudisha choki, vuta mafuta ya mkono mpaka mwisho, piga kiki taratibu mpaka ipumue. Halafu ukipata barabara nzuri ikimbize kidogo ijisafishe. Mkaguzi akikuuliza kwa nini unakimbia, mwambie unatibu plagi.

nduthi_ya_Kinangop:
Salamu kutoka Nyandarua. Huku Julai asubuhi ni barafu tupu. Nduthi yangu ya 125 ilikuwa inashika choki ikiwa imevutwa, ukirudisha tu, inazima. Jamaa wa stage wakasema ni baridi, nizoee. Lakini jua likitoka saa nne bado ni ile ile! Hiyo si baridi tena. Kukubali choki peke yake ni dalili kwamba mafuta ya sailensa (injini ikiunguruma taratibu bila kuvutwa) hayapiti: pailoti jeti, kijitundu chake kwenye kabureta, imeziba. Ile jeti tundu lake ni dogo sana, na petroli ikikaa kwenye bakuli la kabureta inaacha ute kama gundi.

Tafadhali msichokoe na sindano ya nguo. Chuma kinapanua tundu na hapo utakunywa mafuta milele. Chukua uzi mmoja tu wa waya wa shaba, ule laini wa umeme, kisha upulize hewa.

toto_la_gereji:
Mimi shortkati yangu ni kumwaga petroli kidogo kwenye tundu la plagi, narudisha, napiga kiki, inashika.

kiki_ya_pili:
Mkuu, inashika, halafu? Ikiwaka sekunde chache ikazima umejua kwamba cheche ipo na mafuta hayafiki. Kama kipimo nakubali. Kama matibabu hapana. Na usijaribu cheche plagi ikiwa nje huku umemwaga petroli pembeni, tumeona injini zikishika moto. Kama kompresheni ndiyo unayoitilia shaka, mwaga oili kijiko kimoja humo humo. Kiki ikiwa nzito, ringi zimechoka. Ikibaki nyepesi vilevile, angalia valvu.

vespa_ya_Unguja:
Assalaam aleikum. Nyie wa bara pikipiki, sie Unguja Vespa. Yangu ni ya zamani, ya platini (kiswichi kinachokata umeme ili plagi itoe cheche). Baridi yawaka kwa kiki moja, wafika nayo sokoni, ukitoka haitaki. Ukingoja ikapoa, yawaka. Waliniuzia plagi, waliniuzia kabureta nzima. Ilikuwa kondensa, kile kifaa kidogo cha umeme kinachoilinda platini. Ukifungua ukakuta midomo ya platini imeungua na cheche ni ya manjano, dhaifu, mshuku yeye kwanza. Kikipata joto ndipo kinapoharibika kitu hicho, kwa hivyo kukipima baridi ni kujidanganya.

Jengine ni chumvi. Upepo wa bahari hula maungio ya waya na kofia ya plagi. Usiku, mahala penye giza, washa injini utazame waya wa plagi: ukiona vicheche vyatembea juu yake, umeme wavuja, haufiki kunakotakiwa. Na oili ya kuchanganya na petroli ni asilimia 2, mililita 100 kwa lita 5. Kumimina kwa jicho ndiko kunakowatesa wengi.

mama_boda_Kahama:
Kabla ya yote mliyosema, angalieni swichi nyekundu ya kuzimia. Watoto wanaichezea. Nimeshaona mafundi wawili wamefungua kabureta, swichi ipo OFF.

Nyingine ni petroli ya chupa. EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba (kemikali ya alama) kwenye mafuta mwaka 2010 ili wachakachuaji wa mafuta ya taa wakamatwe, sawa, lakini vinasaba havimzuii mtu kuuza kwenye chupa iliyobaki maji. Pikipiki ikigoma baada ya kuweka mafuta njiani, fungua skrubu ya chini ya kabureta, kinga kwenye chupa nyeupe, subiri. Maji yanakaa chini, utaona mstari. Na iliyokaa nje masika nzima, fungua boksi la hewa, panya wanazaa humo.

XL_ya_Songea:
Wakuu, yangu ni Honda XL125. Inawaka vizuri, natembea mwendo wa kufika mji wa pili, inaanza kukosakosa, inazima. Nikipumzika inawaka. Hapa nimeambiwa koili. Ninunue?

kiki_ya_pili:
Usinunue bado. Ikizima, palepale ikiwa ya moto toa plagi uone cheche. Ikiwa haipo, koili inaweza kuhusika. Ikiwa ipo, fungua mfuniko wa tangi usikilize. Ukisikia inavuta hewa "fsss", kitundu cha kupumulia kimeziba na mafuta yanashindwa kushuka.

XL_ya_Songea:
Nimetoka barabarani sasa hivi. Cheche ipo ya bluu, na mfuniko umevuta hewa mpaka nimeshtuka. Ndani kuna mpira wa tyubu, aliyeniuzia alikata akaweka ili mafuta yasimwagike.

bwanashamba_mstaafu:
Toboa huo mpira, sawia na kile kitundu.