MREJESHO: Dakika za mabao ya Coastal Union sasa zinakaa sawa

Niliuliza kwa nini dakika za mabao kwenye ripoti zangu za mechi za Coastal Union ya Tanga, Wagosi wa Kaya, zinapishana na za wengine kwa dakika moja, mbili, hata nne. Asanteni wadau, tatizo limekwisha. Makosa yalikuwa mawili.

Kwanza, kusoma saa kama ilivyo. Bao likiingia saa ikionyesha 23:40, dakika 23 zimeshapita, kwa hiyo ni bao la dakika ya 24. Chukua dakika unayoiona, ongeza moja.

Pili (hili ndilo lililoniumbua), kuiacha saa iendelee kwenye muda wa nyongeza na kuanzia hapohapo kipindi cha pili. Nyongeza ikiwa dakika tatu, kila tukio baada ya mapumziko linabeba kosa la dakika tatu. Filimbi ya kipindi cha pili ikilia, anza upya na 45:00. Bao la muda wa nyongeza liandikwe 45+2. Ukiandika 47, msomaji anajua ni la kipindi cha pili.

Kwenye daftari naandika dakika, namba ya jezi na tukio, basi. Ukianza kuandika majina pale uwanja wa Mkwakwani, shambulizi linalofuata linakupita. Majina yanasubiri orodha ya kikosi. Namba ya mgongoni isipoonekana, tazama ya kwenye bukta.

Kilichobaki ni pasi za mabao ya kona, watu wakirundikana golini. Hizo naziacha wazi mpaka nione marudio.