Familia zetu na foto za vinamasi: tupeane uzoefu, Lubumbashi na kwingineko

Mwana wa Kampemba
Wandugu, nilikuwa natafuta karatasi za kiwanja ndani ya sanduku la marehemu papa, nikakuta bahasha nzima ya foto za ziwa Tshangalele. Nyuma ya kila foto ameandika kwa bic: mwezi, upepo, maji yamefika wapi kwenye matete. Likizo kuu ikifika alikuwa anatupakia wote kwenye kamioneti, Likasi kisha Kapolowe, mama na sufuria ya bukari kwenye magoti. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika mwavuli juu ya aparei ya foto. Nani mwingine amekulia hivyo? Leteni siku iliyowaumiza kuliko zote.

Yaya wa Katuba
Sisi pia, kabisa. Kukohoa ndani ya bwato ilikuwa dhambi.

Mama Mapacha
Hii mada imenigusa, nivumilieni nikiandika kirefu.

Mume wangu anafundisha biolojia. Alikuwa na ndoto ya ndege mmoja tu: kwera wa Lufira, yule aliyechukuliwa kama kielelezo pale ziwani 1960, akapewa jina la kisayansi Ploceus ruweti mwaka 1982. Tulienda wakati wa mvua, maana ndipo dume anavaa rangi zake na kujenga. Binti yetu alikuwa na miaka tisa, ndiye mwenye macho makali kuliko sisi sote. Akamwona: uso mweusi, na mdomoni ukambaa mrefu wa jani, anaupitisha, anauvuta, anaukaza kwa mguu. Mume wangu akapiga, mikono inamtetemeka.

Basi, viota vilikuwa vinaning'inia upande wa daraja moja. Wakatokea wanaume wawili wenye bunduki. «Mnapiga foto daraja, ni nani amewatuma?» Lenzi ndefu juu ya miguu mitatu, nani atakusikiliza? Tuliwekwa kwenye kibanda mpaka jua likainama. Binti ndiye aliyewaonyesha kioo cha kamera: kwera, kwera, kiota, mkia, kwera. Mmoja wao akalainika, akasema ndege hao anawajua, wanamaliza mpunga wa mama yake. Mkubwa wao hakulainika. Alichukua pesa, akachukua na kadi. Foto ya ule ukambaa ilikuwa humo. Mtoto alilia mpaka Likasi, na mimi mpaka leo nikiona daraja tumbo linanikata.

Fundi Kenya
Pole sana mama. Barua ya chifu ni lazima! Unapita kwake kwanza, unasalimia, unaondoka na muhuri.

Ruashi Juu
Barua inawaonyesha tu kwamba unayo pesa ya kulipia barua. Chukua mtoto wa kijiji akuongoze, inatosha. Na kadi yenye kazi ivuliwe kila saa iingie kwenye soksi.

Kwetu Golf
Samahani mama, lakini mlikuwa mbali kiasi gani na hivyo viota? Dume akishtuka anaacha kazi, na mamba hana haja na barua yako.

Mama Mapacha
Tulikuwa ng'ambo, ndiyo maana ya lenzi ndefu. Usitufundishe heshima ya ndege.

Kwetu Golf
Sikutukana mtu. Kuna watu wanaweka sauti ya ndege kwenye spika ili aje karibu. Anadhani ameingiliwa, anapigana na hewa asubuhi nzima badala ya kulisha.

Ruashi Juu
Mara moja haiui.

Kwetu Golf
Mara moja yako, mara moja ya yule, hesabu mwenyewe.

Bwato la Kapolowe
Mimi ni mvuvi, nazaliwa hapa. Mnagombania spika, maji hamyataji. Lile ziwa liliumbwa na bwawa la Mwadingusha, 1930, kwa ajili ya umeme wa migodi, na maji ya migodi hayohayo yanateremka kwetu. Bonde lote la Lufira limeandikwa Ramsar, ile orodha ya dunia ya vinamasi vya kulindwa, tangu 2017, jambo zuri. Lakini chandarua cha mbu bado kinavuta vifaranga vya samaki ufukweni, na furukombe naye anataka kula. Pigeni foto hiyo pia.

Mwana wa Kampemba
Kaka, umesema kweli. Kwenye foto za papa kuna ghuba imejaa mayungiyungi, na mahali palepale miaka ya mbele ni tope na magunia ya makala. Nataka nizipange kwa tarehe, watoto wangu waone.

Kivu Ziwani
Toka Goma nawasalimu. Babu alipiga foto Rwindi na Vitshumbi, viboko bega kwa bega, huoni mchanga. Miaka ya 1970 hifadhi hiyo ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 hawakufika hata 1,000, nyama na meno yao vimeuzwa vitani. Kila nikiona foto ile napandwa na hasira. Watoto wangu wamemjua tu ndege marabu wa Vitshumbi, anayesimama kati ya meza za samaki kama mwenye soko.

Yaya wa Katuba
Eh, hiyo imeniuma.

Fundi Kenya
Aparei ikilowa, toa betri, izike kwenye mchele siku mbili.

Ruashi Juu
Mchele una vumbi, utaingia kwenye lenzi! Weka vile vipakiti vya kwenye kartoni za viatu. Na ukitoka kwenye gari lenye baridi, iache ndani ya begi mpaka ipate joto, ndipo ufungue.

Yaya wa Katuba
Mwezi wa nane msiende, moto wa porini unajaza moshi, kila ndege anatoka wa kijivu. Mama Mapacha, mvua zikianza twende wote na binti, kadi nne mfukoni.

Mama Mapacha
Amesoma hapa, ameshaanza kufuta vumbi kwenye darubini.

Bwato la Kapolowe
Bwato langu lipo, vitu vizito vikae katikati. Mwenye spika atabaki nchi kavu.