Moka ya Mount Hagen: kwanini ufuge nguruwe miaka yote halafu ugawe wote siku moja?

Mdadisi:
Wadau naombeni elimu. Nasoma kuhusu Wamelpa wa nyanda za juu za Papua New Guinea, pande za Mount Hagen, na hii moka yao imenishinda. Mtu anafuga miaka na miaka, siku ikifika nguruwe wanafungwa kwenye vigingi mstari mzima uwanjani, watu wanacheza na manyoya ya ndege kichwani, halafu anawakabidhi ukoo mwingine anarudi kwake mikono mitupu. Si kujifilisi huko?

Kipepe:
Hajajifilisi mkuu, kakopesha. Aliyepokea lazima siku nyingine arudishe zaidi ya alichopewa, asiporudisha ni aibu. Aliyetoa anapata jina, anakuwa bikman, yaani mtu mkubwa anayeheshimika, na ubikman mtu anaujenga mwenyewe kwa kujua kuongea na kushawishi ndugu wamchangie. Zamani walivaa omak kifuani, vijiti vya mwanzi, kila kijiti ni maganda nane au kumi ya chaza lulu aliyowahi kutoa kwenye moka, yani ukikuta mtu omak imeshuka hadi tumboni hauulizi yeye ni nani. Na mizizi yake iko kwenye fidia za vita, mshirika wenu kafia kwenye vita yenu mnalipa, malipo yanazaa malipo, mwisho mnakuwa watu wa kudaiana badala ya kuuana.

BintiNyika:
Mbona mnaongelea wanaume tu? Hao nguruwe kawalea nani? Mwanamke ndo anapanda viazi vitamu, wenyewe kaukau, anachimba, anabeba kwenye bilum, mfuko wa kamba za kusokota unaoning'inizwa kichwani, na mzigo mkubwa wa hivyo viazi unaenda kwa nguruwe, zamani walilala humohumo kwenye nyumba ya mama na watoto huku mwanaume yuko nyumba ya wanaume. Tena wabia wa moka mara nyingi ni shemeji, yaani ndugu za mke. Halafu hotuba uwanjani anatoa mume. Mi naona hapo ndo pa kuangalia, jasho la nani linageuka jina la nani.

Mdadisi:
Hapo umenifungua macho dada. Je bado ipo?

Kipepe:
Dada kasema kweli, bila wake hakuna bikman. Kuhusu sasa, imebadilika sana. Waaustralia walipoingia mabonde yale miaka ya 1930 waliona maganda yanavyopendwa wakawa wanayaleta kwa ndege kulipia chakula na vibarua, yakazagaa mpaka thamani ikaporomoka. Baadaye kahawa ikaleta hela, moka ikaingia noti, bia, mpaka magari. Ila nguruwe hajang'oka, kwenye mahari yupo, kwenye fidia yupo, na sherehe ikiwa kubwa lazima mumu, shimo lenye mawe ya moto na majani ya migomba, nyama na kaukau vinaivia humo kwa mvuke.

BintiNyika:
Na hao wa mahari pia wamelishwa na akina mama, msisahau kuandika hilo.