Naomba ushauri: pikapu za mtindo wa zamani kwa besi ya aina ya Precision

Mpigabesi_Uyole
Wakuu habari zenu. Kuna besi (gitaa la sauti nene) ya nyuzi nne ya kanisa hapa Uyole, kopi ya Fender Precision, pikapu yake (kifaa chini ya nyuzi kinachonasa mtetemo wake) imegawanyika vipande viwili. Inanguruma muda wote, na sauti yake ni kali na nyembamba, haina ule uzito wa rekodi za miaka ya 1960. Nataka kuagiza pikapu za mtindo wa zamani zenye sumaku za alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti). Nikipima ukinzani kwa mita kwenye jeki (tundu la kuchomeka kebo), voliumu ikiwa wazi yote, nasoma kiloomu 9.6. Nitafute zipi? Na kuzifunga kukoje?

Fundi_Mwanjelwa
Mkuu, shikilia hela kwanza. Hayo ni matatizo mawili, na la kwanza halitibiwi na pikapu. Tangu 1957 pikapu ya Precision ni koili mbili (waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi) zilizoungwa mfululizo, zikapangwa ili mngurumo unaoingia koili moja ufutwe na wa koili ya pili. Besi ya aina hii ikinguruma, tafuta kosa kwenye waya. Ukifunga alniko ya bei yoyote itanguruma vilevile.

Kipimo chako ni kizuri. Kiloomu 9.6 kwenye jeki, sambamba na voliumu ya kiloomu 250, maana yake pikapu ina kama 10. Koili moja ingekuwa imekatika, mita ingesoma hiyo 250 ya voliumu peke yake.

Sasa washa amplifaya, sauti ndogo, shika nyuzi. Mngurumo ukipungua, ethi ya daraja (chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa besi) ni nzima. Usipobadilika, gusa chuma cha plagi ya gitaa. Ukipungua hapo, waya unaokwenda chini ya daraja haushiki. Ukizidi kila unaposhika nyuzi, waya mbili za jeki zimebadilishana. Hakikisha kwa mita: daraja hadi chuma cha nje cha jeki isizidi omu 1.

Na tafadhali kagueni ekstensheni ya kanisa. Kama ni ya pini mbili, au pini ya ethi imekatwa, badilisheni kabla ya ibada ijayo. Mpiga besi anayeimba akigusa maiki kwa mdomo anaweza kupigwa shoti, na hilo si jambo la kusubiri.

NyuziNne_Kihesa
Kuhusu uzito wa sauti, anza na nyuzi. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown ya Marekani, alipiga Precision ya 1962 yenye nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe laini) za La Bella, nene, na sponji ikibana nyuzi karibu na daraja. Kata kipande cha sponji ya godoro, kichomeke chini ya nyuzi mbele ya daraja, kiguse tu bila kuzisukuma juu. Utashangaa.

Kisha soma maandishi kwenye voliumu na toni. Besi nyingi za bei nafuu zina 500K, na hiyo huachia ukali mwingi. Weka A250K (za kiloomu 250) zote mbili. Kapasita ya toni iwe ya mikrofaradi 0.047, imeandikwa 473.

Mpigabesi_Uyole
Asanteni sana. Daraja hadi jeki mita haisomi kitu, kama waya uliokatika. Voliumu na toni zimeandikwa B500K. Chini ya kila kipande cha pikapu kuna bapa moja la sumaku.

Fundi_Mwanjelwa
Basi chanzo cha mngurumo umeshakipata. Legeza nyuzi, fungua skrubu za daraja, vuta waya. Menya sentimita 3, kwangua rangi pale unapolala, utandaze kama kipepeo, urudishe daraja. Ncha ya pili inachomelewa mgongoni mwa voliumu: piga msasa hadi chuma king'ae, tumia chuma cha kuchomelea cha wati 40. Chuma dhaifu hukaa muda mrefu, risasi haishiki na voliumu inaungua kwa ndani.

Kwa kuwa ni 500K, pikapu yako ni kama 9.8. Bado ni nzima.

Baridi_Njombe
Hilo bapa ndilo chanzo kingine cha ukali. Ni sumaku ya kauri inayosukuma nguzo za chuma, yaani vile vijiti vinavyoonekana juu ya pikapu chini ya nyuzi. Kwenye alniko kila nguzo ni sumaku yenyewe. Ukimaliza hayo ya juu na bado unataka, tafuta alniko 5, waya wa namba 42, kiloomu 10 hadi 11. Seymour Duncan SPB-1 na Fender Pure Vintage '63 ni za aina hiyo. Nunua vipande vyote viwili pamoja, kwa sababu ukichanganya kipande kipya na cha zamani mpangilio wa kufuta mngurumo unaweza kupotea. Ukigeuza waya za kipande kimoja, ni hivyohivyo: mngurumo unajumlishwa.

Kipande cha nyuzi nene kinakaa upande wa shingo. Usikichokonoe kwa bisibisi. Waya wa koili ni milimita 0.06, ukikwaruzwa mara moja umekufa. Bana nyuzi kwenye freti ya mwisho, uanze na milimita 3 upande mnene na 2.5 upande mwembamba. Ukisogeza karibu zaidi, sumaku inavuta uzi na noti za juu zinapinda.

Kabla ya kufunga nyuzi, chomeka besi, sauti ndogo, gonga nguzo moja moja taratibu kwa bisibisi. Zote 8 zisikike.